Mama Hapandi Landrova

Kundi letu la WhatsApp la familia linaitwa "Mazishi ya Baba". Liliundwa mwaka 2019, usiku uleule simu ilipoingia kutoka Ipililo, na ndani ya siku nne watoto sita, wajomba na mabinamu tulikuwa tumechanga shilingi 6,400,000. Hakuna aliyeuliza kama kuna haja. Hakuna aliyesema mwezi umekaa vibaya. Basi dogo lilikodiwa Mwanza, maturubai yakafungwa, ng'ombe wawili wakachinjwa, na mdogo wetu aliyekuwa Songea alifika kabla kaburi halijachimbwa. Miaka imepita, jina la kundi halijabadilishwa, na kila tulipokutana wote tangu hapo palikuwa na jeneza katikati yetu.

Mwaka jana niliandika humo pendekezo. Tununue gari la zamani, tulifufue, tuweke kitanda na vyombo, liwe la familia, na kila Juni shule zikifungwa tumchukue mama na wajukuu tukatembee. Kwa dakika kumi hakuna aliyejibu. Kisha kaka yangu mkubwa akaandika: "Mdogo wangu, una homa?"

Makala hii ni jibu kwa kaka. Pia ni jibu kwa watu wa aina nyingine, ambao nilikuwa mmoja wao: sisi vijana tuliosoma, tunaopenda magari ya zamani kwa sababu yanatoka vizuri kwenye picha. Kaka anaona gari la zamani ni mkweche na likizo ni uzungu. Sisi tunaliona ni ndoto. Wote tunasahau kuuliza ni nani atakayepanda.

Nianze na mama. Ana miaka 71. Amezaliwa, ameolewa na amelima pamba upande huuhuu wa Maswa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, kabla hajazaliwa. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliionyesha dunia kwa filamu iliyokuja kupata Oscar, na watu wa Frankfurt wakawafahamu nyumbu wetu. Pori la akiba linalopakana na hifadhi hiyo limepewa jina la wilaya yetu. Mama hajawahi kupita lango lolote kati ya hayo. Tembo anawajua kwa habari za ndugu zetu wa Meatu, ambao mashamba yao huliwa usiku. Kwake tembo ni jirani mwizi ambaye hata sura yake hajaiona.

Nilipokwenda kumweleza wazo langu, nilimsalimu kama ilivyo desturi, "Mwangaluka mayu," nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kwa mbali. Kwamba tungependa twende pamoja na watoto hadi ziwani, halafu Serengeti, halafu Bujora. Kwamba tutalala njiani siku mbili tatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akashusha sauti, akauliza: "Tunakwenda kumzika nani?"

Hakuwa anatania. Katika maisha yake, watu wakipanda gari wengi pamoja, wakabeba sufuria na magodoro, kuna maiti mahali. Nilirudi Mwanza na swali hilo. Tangu siku ile sibishani tena na mtu anayeniambia kwamba safari za familia si kipaumbele. Namwuliza tu: mchango wako wa mwisho wa familia ulikuwa wa nini?

Hoja ya kwanza ya kaka ni kwamba hii si mila yetu. Kwamba kulala kwenye gari, kuzunguka bila shughuli, ni mambo ya wazungu wanaopita Lamadi na miwani myeusi. Hoja hii inasikika vizuri kwenye vikao, ila haina historia ndani yake.

Neno karavani lenyewe limetoka kwa Waajemi na lilimaanisha msafara. Na kama kuna watu waliojua misafara katika nchi hii ni jamaa zetu. Wanyamwezi na Wasukuma walitembea kwa miguu kutoka huku bara hadi pwani na kurudi, wakiwa na mizigo, sufuria na nyimbo, miezi kwa miezi. Huko Uingereza, mwaka 1885, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, Gordon Stables, aliagiza atengenezewe gari la kukokotwa na farasi lenye kitanda na jiko, akaliita The Wanderer, akazunguka nalo kwa starehe. Inasemwa kwamba hapo ndipo karavani la likizo lilipoanza. Lakini wazo aliliokota kwa Waroma, watu waliokuwa wakiishi kwenye magari yao kwa sababu ya maisha yao na waliokuwa wakifukuzwa kila wanapopiga kambi. Mwenye nafasi aliigeuza nyumba ya mtu anayedharauliwa kuwa starehe. Mwaka huohuo wa 1885 mfalme wa Ujerumani alitia saini hati ya kuzilinda, kama walivyoita, nchi zilizokuja kuwa Tanganyika. Msafiri wetu wa nyakati zile akaandikwa kwenye vitabu kama mpagazi, na wa kwao kama mtalii. Sasa kaka ananiambia kusafiri si mila yetu.

Na wakati wa Bulabo je? Kila Juni, tangu zamani za wazazi wetu, watu wamekuwa wakienda Bujora, Kisesa, pale penye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement, kuwaona Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma. Wanatoka vijiji vya mbali, wanalala huko, wanarudi na hadithi za mwaka mzima. Hiyo ni nini kama si likizo? Mama alikwenda mara moja, akiwa msichana, kwa lori la pamba. Anakumbuka nyoka aliyechezeshwa, na anakumbuka jina la aliyemkalisha mahali pazuri. Hajarudi tena.

Ukweli ni kwamba kizazi cha wazazi wetu kilizuiwa kutembea, na kwa sababu za kueleweka. Mafuta yalipopanda miaka ya 1970, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia mchana. Vyama vya ushirika vilivyokuwa na magari vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa mwaka 1982 vikiwa hoi. Vita vya Kagera vikachukua malori. Watu walizoea kwamba gari ni la kazi au la maiti. Mazoea hayo yalizaliwa na dhiki, na sasa kaka, mwenye gari lenye kiyoyozi, anayatetea kwa jina la mila.

Kaka nimemjibu. Nirudi kwa wenzangu, na kwa nafsi yangu.

Baada ya miezi minane tulipata milioni 11. Angalia tofauti: siku nne kwa marehemu, miezi minane kwa aliye hai. Lakini zilipatikana, na dada zangu wakanikabidhi kazi ya kutafuta gari. Niliona mengi. Matatu ndiyo yaliyobaki mezani.

La kwanza lilikuwa karavani halisi, la kukokotwa, lililoletwa kutoka Uingereza na familia iliyowahi kufanya kazi Mwanza na kuliacha uani kwa rafiki. Lina madirisha ya mviringo, kabati za mbao, hata sinki dogo. Nilipiga picha 40. Mwenye nalo alisema ni zima, linahitaji rangi tu. Fundi niliyekwenda naye hakutazama rangi. Aliingia ndani, akaanza kubonyeza kuta kwa kidole gumba, pole pole, kuanzia pembeni mwa dirisha kushuka chini. Mahali pa tatu kidole kilizama. Makaravani haya yana mifupa ya mbao ndani na ngozi ya aluminiamu nje. Maji hupenya kwenye maungio, mbao zikaoza kimyakimya huku nje kunang'aa. Pale penye unyevu mchwa walikuwa wameshahamia. Fundi akaniambia: "Dada, hapa unanunua madirisha."

Hata kama lingekuwa zima, lisingetufaa. Karavani ni tela. Linahitaji kadi yake na namba yake, linahitaji gari lenye nguvu la kulivuta, na watu hawakai ndani likiwa linakokotwa. Kwa hiyo kununua karavani ni kununua nusu ya safari. Wenzetu wa Ulaya wana gari lingine nyumbani na barabara ya lami hadi mlangoni mwa kambi. Sisi, ukiacha lami ya Maswa kwenda Bariadi, unaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha hushika tairi kama gundi.

Udongo huo ndio ulionipeleka kwa gari la pili, na hapa nakiri dhambi yangu. Lilikuwa Landrova 109, Series III, ile ndefu, limekaa juu ya mawe nyuma ya ghala la pamba, mwarobaini umeota karibu na bampa. Baba alikuwa karani wa chama cha msingi. Alipima pamba, aliandika stakabadhi, na msimu wa malipo alikuwa akirudi nyumbani akiwa kwenye Landrova kama ile, vumbi hadi kwenye nyusi, nasi tukikimbia kuilaki. Nilipoiona, moyo wangu ulikwisha nunua. Niliandika kwenye kundi kwamba nimepata gari la baba. Hata kaka aliweka alama ya moyo.

Sifa zake nilizijua. Landrova za kwanza zilitoka mwaka 1948, chuma kikiwa adimu baada ya vita, wakatumia aluminiamu kwenye bodi, ndiyo maana unakuta ya miaka 50 paneli zake hazijaliwa na kutu. Kinachosahaulika ni kwamba chasisi yake ni ya chuma, tena ni ya boksi, uwazi ndani. Tope huingia, hukaa, huila kuanzia ndani. Fundi alilala chini na nyundo ndogo, akagonga toka mbele hadi nyuma. Mbele iliita. Nyuma, chini ya tangi, ilitoa sauti ya debe, na kipande cha udongo mkavu kikamwangukia shavuni. Alisema chasisi inaweza kuungwa, injini ifanyiwe ovaholi, giaboksi ifunguliwe, spea zitafutwe Mwanza na Arusha. Muda? Akafikiri. "Ukiwa na hela zote leo, mwaka na nusu. Kwa hela ya kudunduliza, miaka mitatu."

Nilikuwa tayari kwa miaka mitatu. Nilishaanza kuchagua rangi. Kisha tukaomba kadi ya gari. Iko kwa jina la chama ambacho hakipo tena, na aliyelinunua kwenye mnada amefariki bila kubadilisha umiliki, na watoto wake hawajafungua mirathi. Mtu yeyote anayetafuta gari la zamani nchini hapa anisikilize kwa hili: kabla hujafungua boneti, fungua kadi. Linganisha namba ya chasisi. Kutu ina dawa. Mirathi ya watoto tisa wasiozungumza haina.

Lakini hata kadi haikunizuia. Niliamini nitawapatanisha. Aliyenizuia ni mama.

Alikuja kuliona. Siku hiyo tulikuwa tumetoka naye kliniki Maswa kwa ajili ya magoti, tukapitia ghalani. Alilizunguka, akaligusa taa, akatabasamu, akamtaja baba kwa jina ambalo sisi watoto hatulitumii. Nikafungua mlango nikamwambia apande, nimpige picha. Aliinua mguu mmoja. Ukafika nusu. Akashika mlango, akajaribu tena. Mimi nilikuwa tayari nimeshika simu usawa wa jicho. Kwenye skrini nilimwona mama yangu akishindwa kupanda, na kabla sijashusha simu alikuwa ameshajitungia kisingizio: "Ni zuri. Nyie mtaniletea habari zake."

Nimeifuta picha hiyo. Nilirudi ndani ya gari langu la kukodi nikiwa na hasira, na ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba sikuwa na haki ya kuwa na hasira na mtu mwingine. Nilikuwa nataka kutumia milioni 11 na miaka mitatu kumfufua baba, ambaye tayari alishapata milioni zake sita. Na nyuma ya Landrova ile kuna mabenchi mawili yanayotazamana, ya kukaa ubavu; hata vijana hushuka migongo ikiuma. Gari nililolichagua kwa ajili ya mama lilikuwa na nafasi ya kila mtu isipokuwa yeye.

Hapa ndipo nagombana na nyie wenzangu mnaofufua magari. Ufundi wenu nauheshimu. Kufufua ni bora kuliko kuagiza Japani kila mwaka, na mafundi wetu wana mikono ambayo kiwanda hakina. Lakini nimesoma maelezo yenu mengi na nimeona mnavyochagua: umbo, mwaka, sauti ya injini, kumbukumbu. Mara chache sana naona swali la tarehe. Gari linaweza kukaa juu ya mawe miaka mingine 10 na likangoja. Goti halingoji. Mtoto wa dada yangu ana miaka 12 na sasa bado anaona raha kukaa na bibi yake. Akifika 15 sijui. Mradi ambao utakamilika wakati wahusika wameshazeeka, wameshakua au wameshazikwa, tuuite kwa jina lake: mchezo wa mwenye gari. Ni halali kabisa kuucheza. Usiuite wa familia.

Gari la tatu lilikuwa Hiace. Naona mmeguna. Ndiyo, kipanya, cha mwaka 1994, cheupe kilichogeuka njano, na ukiangalia kwa ubavu unaona mstari wa daladala chini ya rangi mpya. Hakuna atakayeliwekea alama ya moyo. Lina injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, ambayo fundi yeyote kutoka Shinyanga hadi Musoma anaweza kuifungua akiwa anazungumza na simu. Spea zake ziko Maswa, nyingine zinauzwa duka lilelile linalouza sabuni. Kadi ni safi, jina moja, mtu hai, alikuja mwenyewe.

Fundi alikuwa ameniambia nimpigie muuzaji asiliwashe kabla hatujafika. Tulipofika aliweka kiganja juu ya injini kuhakikisha ni ya baridi, maana gari lililopashwa moto mapema limefichwa ugonjwa. Likawaka kwa mara ya pili, moshi mweusi kidogo, si wa bluu. Akafungua kifuniko cha oili likiwa linanguruma, akaangalia kama linapumua kwa nguvu. Akainua zulia: sakafu ina matundu mawili ya kutu, moja unapitisha ngumi. Shokapu zimekufa zote nne. Tuliandika kila kitu kwenye karatasi, tukapiga hesabu, tukatoa shilingi 7,500,000.

Kisha mama akaletwa. Mlango wa ubavuni ulivutwa, mguu ukakanyaga kidaraja, mkono ukashika kiti, akakaa. Ilikuwa sekunde nne. Akaangalia nje kupitia dirisha kubwa na kusema kiti hiki kiwe chake, na kisitolewe.

Hakijatolewa. Viti vya nyuma tu ndivyo vilivyogeuzwa kuwa kitanda. Tumeziba sakafu kwa bati, tumebadilisha shokapu na matairi, tumetengeneza sanduku la vyombo linalotolewa nje, kwa sababu jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa huua watu usingizini na sitaki mtu afe tukiwa likizo. Tutapika nje. Wengine watalala kwenye mahema. Hatutoshei wote, kaka ana haki kwenye hilo. Tutapeana zamu, familia moja kwa kila safari, na mama katika kila safari kama atapenda. Matengenezo yamekula shilingi 3,200,000 na wiki tisa. Rangi bado ni ileile ya njano. Hela iliyobaki ni ya mafuta na ya lango, na Mtanzania langoni hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni.

Zimebaki wiki tano. Juni ni mwezi wa Bulabo, na ni mwezi ambao nyumbu huwa upande wetu wa magharibi, karibu na mto Grumeti, saa chache tu kutoka lango la Ndabaka. Pia ni mwezi wa kuchuma pamba, na mama amesema wazi hatapanda gari lolote pamba ikiwa shambani. Kwa hiyo tumekubaliana: wajukuu watafika siku tatu mapema, wachume naye, pamba ipimwe, ndipo tuondoke. Mtoto wa miaka 12 ameshaanza kulalamika. Vizuri.

Kaka bado anasema hela ile ingenunua ng'ombe. Ni kweli, ingenunua, na walewale ng'ombe tungewachinja siku ya msiba, tukala tukiwa tumekusanyika wote, tukisema marehemu angefurahi kutuona. Jana aliuliza kwenye kundi, lenye jina lilelile, kama kwenye Hiace kuna nafasi moja. Nimemjibu ipo, kwenye benchi la pili. La mbele karibu na mlango lina mwenyewe.